Kitambaa cha Kumi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimepewa kazi mpya. Mkutubi Mkuu aliniita asubuhi, akanikabidhi kinasa sauti kidogo kinachoenea kiganjani, akasema hospitali yetu ya chuo kikuu inatimiza miaka hamsini mwezi wa sita na wakubwa wanataka sauti ishirini. Madaktari na wauguzi wa zamani wasimulie kazi ilivyokuwa, sauti zihifadhiwe maktaba, na nyingine zichapwe kitabuni. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akajibu kwamba mimi ndiye ninayepiga gumzo kuliko wote humu ndani, sasa angalau nitapiga gumzo kwa faida ya taasisi. Sikujua ninune au nicheke, nikaona kucheka ni nafuu.

Nimepewa na chumba, kile kilichokuwa stoo ya picha za eksirei nyuma ya maktaba. Kina meza moja, viti viwili, dirisha moja, na harufu ya dawa za kusafishia picha ambayo haijatoka tangu enzi hizo. Paa lake ni la bati. Nimeandika kanuni mbili na kuzibandika ukutani. Ya kwanza: mvua ikinyesha, zima, subiri. Ya pili: kinachosemwa humu hakitoki nje mpaka msemaji asome maandishi yake na kutia sahihi. Ya pili nimeitoa kwenye mwongozo. Ya kwanza nimeitoa kichwani mwangu na ninajivunia.

Jioni nikamweleza Mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye. Alikuwa nesi hapo hapo kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo nilijua namba moja nimeshaipata bila kutoa jasho. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema, "Mimi sina cha kusimulia, mwanangu. Nilichoma watu sindano, nikastaafu. Tafuta wenye makubwa."

Nikadhani anajipandisha bei. Kumbe hapana, kwa sababu nilipomrudia baada ya chakula alinipa mgongo na kuanza kuhesabu vijiko. Huvihesabu kila jioni, kumi na viwili, kabla droo haijafungwa. Nina miaka kumi na mmoja katika nyumba hii na sijawahi kupoteza kijiko, lakini bado vinahesabiwa.

Alhamisi, 5 Machi

Sauti ya kwanza ni ya mkunga mmoja aliyestaafu miaka minane iliyopita, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia na kicheko cha kutikisa dirisha. Alikaa saa tatu. Ameniambia amezalisha watoto elfu tisa. Baada ya chai wakawa elfu kumi na moja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimemsifia sana. Lakini aliponieleza jinsi alivyokuwa akijua mama atajifungua lini kwa kusikiliza tu anavyovuta pumzi kutoka nje ya pazia, sikuona chumvi yoyote. Alifumba macho akanivutia pumzi hizo moja moja, na mimi niliyezaa mara mbili nikajikuta nimeshika kiuno.

Nimerudi nyumbani nimefurahi kama niliyepewa zawadi. Sijui kwa nini kazi hii haikunijia miaka kumi iliyopita.

Jumanne, 10 Machi

Mvua kutwa nzima. Sikurekodi hata kikohozi.

Ijumaa, 13 Machi

Leo alikuja daktari wa usingizi. Miaka thelathini ya kulaza watu imemfanya aongee taratibu sana, na mara mbili nilipiga miayo nikaomba radhi. Akasema asingetarajia kitu kingine, ni ujuzi wake.

Amenisimulia jambo ambalo sikulijua. Katika chumba cha upasuaji cha hospitali yetu, kabla mgonjwa hajashonwa, wote waliomo huinua mguu mmoja na kuonyesha soli ya kiatu, kisha mguu wa pili. Daktari bingwa, nesi, mwanafunzi, hata msafishaji aliyeingia kuchukua ndoo. Nesi anayehesabu huwaangalia mmoja mmoja, kisha ndipo anatoa sindano na uzi. Yeye aliwahi kwenda kufanya kazi hospitali nyingine, na siku ya kwanza akainua mguu wake peke yake. Wakamuuliza kama amekanyaga kitu. Anasema tangu hapo ameamini ni mambo ya hapa petu tu, na asili yake ni hofu ya umeme: zamani soli za aina fulani zilikuwa zinatoa cheche karibu na gesi ya usingizi.

Jumatatu, 16 Machi

Sista kiongozi wa upasuaji, ambaye hajastaafu lakini amekubali kuhojiwa, amecheka aliposikia habari ya cheche. Anasema kuonyesha soli kulianzishwa na mgeni mmoja wa ng'ambo aliyekuwa na wazimu wa usafi. Nikamuuliza aliitwa nani huyo mgeni. Hajui. Alikuta watu wanainua miguu, naye akainua.

Wakati wa chakula cha jioni niliwasimulia watu wa nyumbani, nikasimama na kuinua mguu kuwaonyesha watoto jinsi profesa mzima anavyosimama kama korongo. Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. Mama aliweka kijiko chini.

Akauliza, "Wanainua miguu? Tangu lini?"

Nikamwambia sijui, zamani tu, na nikamuuliza kama enzi zake hawakuinua. Alinyanyuka akaacha chakula nusu, akaenda chumbani kwake. Baba watoto akanikazia macho kama nimevunja sahani. Basi mimi nimenuna. Mtu akisimulia kitu mezani kwake asikilizwe hadi mwisho.

Jumapili, 22 Machi

Nimembana mume wangu leo tukiwa tunaanua nguo kukimbia mvua. Mama alikuwa chumba cha upasuaji? Akasema ndiyo, kwa miaka kadhaa, yeye akiwa bado mtoto wa shule. Halafu akahamishiwa chumba cha sindano, huko wanakochoma wagonjwa wa nje, akabaki huko mpaka anastaafu. Anakumbuka siku moja Mama alirudi nyumbani mchana, akafua viatu vyake vyeupe kwa brashi kwa muda mrefu sana, kisha akampa jirani. Walipomuuliza alisema vinambana. Baada ya hapo neno "upasuaji" likawa halitamkwi nyumbani kwao.

"Na hamkuuliza?"

"Wewe ungeuliza?"

Nikamfikiria Mama akiwa na miaka arobaini na tatu na macho yale yale. Nisingeuliza.

Jumatano, 25 Machi

Sauti ya saba, mtaalamu wa maabara. Yote yalikuwa kuhusu choo. Nilijifunza mengi.

Jumatano, 1 Aprili

Leo lazima niandike yote, hata kama wali utaungua.

Alikuja Profesa. Hapa kwetu maprofesa wamejaa, lakini ukisema Profesa bila jina kila mtu anajua ni yule bingwa wa upasuaji mwenye nywele nyeupe na mikono inayoonekana michanga kuliko uso wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa masomo ya ng'ambo na medali. Ametoa yote hayo kwa dakika ishirini kama mtu anayelipa nauli, kisha akatazama dirishani. Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya.

Nikamchokoza kwa swali langu jepesi. Nikamwambia watu wawili wamenipa asili mbili za kuonyesha soli, cheche na mgeni wa ng'ambo, yeye anaamini ipi? Akasema, "Hiyo nilianzisha mimi. Na hakuna mgeni."

Akaanza kusimulia, na ninayaandika hapa yalivyo. Miaka ishirini na tisa iliyopita alikuwa bingwa mpya, mwenye jina linalopanda. Kulikuwa na mgonjwa wa tumbo, mwanamume, na wageni wa chuo wamesimama nyuma wakitazama. Vitambaa vya kufyonzea damu vilifunguliwa kumi. Alipotaka kushona, sista aliyemsaidia mezani akahesabu na kusema vimerudi tisa. Yeye akasema vyote vimetoka, ameangalia, leta sindano. Sista akasema, "Sikupi, Daktari, mpaka nikipate cha kumi." Mbele ya wageni. Wakatafuta ndani ya tumbo, wakatafuta kwenye ndoo, chini ya meza, na presha ya mgonjwa inashuka. Mwishoni mtu akakiona. Kilikuwa kimegandia chini ya kiatu cha sista mwenyewe. Kilidondoka, akakikanyaga bila kujua.

Wageni wakacheka. Profesa anasema alisikia kicheko kile kama kofi. Alimwambia sista maneno ambayo hakutaka kuyarudia, akarudia moja tu: kwamba amemwacha mtu tumbo wazi kwa ajili ya kiatu chake. Siku ileile akaandika barua aondolewe upasuaji.

"Nikapewa msaidizi mwingine," akasema. "Binti mzuri, mwepesi. Mwaka haukuisha, siku moja nikataka kushona, nikamuuliza hesabu. Akasita kidogo. Nikamtazama. Akasema iko sawa. Nikashona." Mgonjwa yule, mama wa watoto watatu, alirudi baada ya wiki tatu akiwaka homa. Walipomfungua, kitambaa kilikuwa ndani. Alipona, lakini kwa shida. Profesa akamwita yule binti na kumuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kuwa aliogopa yaliyompata mwenzake.

Tangu kesho yake akaweka amri: hakuna sindano kabla ya hesabu, anayehesabu habishiwi hata na nani, na wote waonyeshe soli, kuanzia yeye. Hakueleza sababu kwa mtu yeyote. Na yule sista? Akasema alimwona mara nyingi ujiani, kule kwenye chumba cha sindano. Kila mara akapitia mlango mwingine.

Sikumuuliza jina la sista, wala yeye hakulitaja. Niliona viatu vyeupe, brashi, vijiko kumi na viwili. Nikamwona Mama mlangoni petu, anavyoinua mguu na kuangalia soli kabla ya kukanyaga mkeka, jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja nimeliita madaha.

Alipoinuka aliniambia nisiitoe hadithi hii mpaka atakapoamua. Nikamwonyesha kanuni ya pili ukutani. Akaisoma, akanishukuru, akafungua mwavuli.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimesikiliza kinasa sauti. Dakika ishirini za medali ziko wazi kabisa. Baada ya hapo ni mvua. Bati linapiga kelele tu, na katikati yake sauti ya mtu mbali, kama anaongea ndani ya pipa. Mimi, mwenye kanuni ya kwanza niliyoibandika kwa mikono yangu, nilikaa chini ya bati linalonguruma na sikusikia mvua hata kidogo. Nilikuwa namsikia yeye tu.

Kwa hiyo hadithi hiyo sasa haipo popote isipokuwa kichwani mwa Profesa, kichwani mwangu, na katika daftari hili ambalo ninalificha chini ya vitenge.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimempigia Profesa tupange upya. Amesafiri kwa binti yake mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo Mama kahesabu vijiko. Kumi na viwili. Nilisimama nyuma yake nikavihesabu pamoja naye kwa midomo tu, bila sauti. Aligeuka akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 14 Aprili

Nimemwuliza Mkutubi Mkuu swali la kuzunguka mbuyu. Je, kama mtu amesimulia kitu, na kitu hicho kinaweza kumtua mzigo mtu mwingine, na mtu huyo mwingine ni mzee, na kinasa sauti hakikushika, je, kanuni ya pili bado inabana? Akavua miwani. Akasema kanuni haikilindi kinasa sauti, inamlinda msemaji. Akaongeza kuwa nikitoa moja tu, kesho hakuna nesi wala daktari atakayeingia chumba kile na moyo wake. Anaongea kama mlango uliofungwa, lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Tuna sauti kumi na nne. Mama bado anasema alichoma watu sindano, basi.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Mama ana kikohozi. Nimemchemshia maji ya tangawizi, naye kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakuniambia nimeweka sukari nyingi. Hilo limenitia wasiwasi kuliko kikohozi chenyewe. Ana miaka sabini na miwili. Nilikaa kando ya kitanda nikitamani kufungua mdomo. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: Mama, wanainua miguu kwa sababu yako. Nikayameza pamoja na chai yangu.

Jumatano, 22 Aprili

Kikohozi kimepungua. Ameniambia chai ya leo ina sukari nyingi. Nimefurahi.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Profesa. Anaishi peke yake na vitabu vyake, na sebule ni safi kiasi kwamba niliogopa kuweka kikombe. Nikamweleza habari ya mvua. Alicheka kidogo na kusema basi huenda Mungu hakutaka, tuache hivyo. Alisema kwa wepesi, na nikaona anatua mzigo. Nilikuwa nimejipanga kuwa mpole. Upole ukanitoka.

Nikamwambia, "Profesa, sijamwambia mtu yeyote ulichosema, na sitasema bila idhini yako. Lakini nisikukalie kimya na wewe. Yule sista ni mama mkwe wangu. Tunaishi nyumba moja."

Akasogeza kikombe chake kando.

"Yu hai," akasema.

"Yu hai. Na kila jioni anahesabu vijiko."

Akainamisha kichwa, nikadhani analia, lakini alikuwa anatazama mikono yake. Aliniuliza kama Mama aliwahi kumtaja. Nikamwambia hata mara moja. Hamtaji yeye wala hautaji upasuaji. Akauliza kama ana hasira. Nikamwambia ukweli ninaouona: hana hasira, ana aibu, na aibu hiyo si yake.

Alinisindikiza mpaka getini bila mwavuli, manyunyu yanamwangukia. Akasema hataki kulirudia kwenye kinasa sauti kwanza. Kama ni kusema, asikie kwanza aliyestahili kusikia. Akaniuliza Jumapili baada ya chakula cha mchana kama ni wakati mzuri. Nikasema ni wakati mzuri sana. Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya madimbwi kama mtoto.

Jumamosi, 2 Mei

Nimemwambia Mama kesho tutakuwa na mgeni, daktari wa zamani. Nilifikiria sana kama nimtaje. Nikamtaja, maana kumvizia mtu mzima ndani ya nyumba yake si adabu. Alikunja kitambaa cha kupangusia meza, akakilaza kando. Kisha akasema nitoe vikombe vizuri, hivi vya kila siku vina ufa.

Jumapili, 3 Mei

Alikuja saa tisa kamili. Mama alikuwa amevaa gauni la buluu la sherehe na amekaa wima kwenye kiti chake. Hakuinuka. Akasema, "Karibu, Daktari," kana kwamba wameachana jana, na Profesa, ambaye hajaitwa daktari tu kwa miaka ishirini, akasema, "Asante, Sista." Nilitaka kuwaacha. Mama akaniambia nikae, nimimine chai.

Yeye ndiye aliyeanza. Alisema anajua kilichomleta, na hakukuwa na haja ya mzee kupanda mlima katika mvua. Kitambaa kilikuwa chini ya kiatu chake. Alikosea. Amelijua hilo miaka yote na halihitaji kukumbushwa.

Profesa akaweka kikombe chini. "Sista, ulisema vimerudi tisa. Vilikuwa vimerudi vingapi?"

"Tisa."

"Na cha kumi hakikuwepo mezani."

"Hakikuwepo."

"Basi ulikosea wapi?"

Profesa hakumpa nafasi ya kujibu. Akamsimulia habari ya yule binti, ya mama wa watoto watatu, ya homa, ya kitambaa kilichobaki ndani kwa sababu mtu aliogopa kusema hesabu yake. Akamwambia kila mgonjwa aliyefunguliwa hospitali ile tangu siku hiyo ameshonwa kwa kanuni ya Sista, ila jina lake halikutajwa kwa sababu yeye, daktari, alikuwa na kiburi kwanza, kisha akawa na aibu, na vyote viwili vilimfunga mdomo. Akasema, "Nimechelewa miaka ishirini na tisa. Naomba unisamehe."

Mama aliuliza swali, na lilikuwa swali la nesi. "Huyo mama wa watoto watatu, alipona?"

"Alipona."

"Na wangu? Yule wa siku ile?"

Profesa akashangaa. "Hukujua? Alitoka siku ya nane, kwa miguu yake. Alituletea kuku."

Mama akaleta mkono mdomoni. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamla. Alikuwa ameondolewa kabla mgonjwa hajazinduka vizuri, na hakuthubutu kuuliza wodini. Miaka ishirini na tisa ameishi akidhani huenda alimuua mtu kwa dakika zile. Machozi yalimtoka bila sauti, nami nikalia kwa niaba ya wote, kwa sauti, mpaka Mama akaniambia niache kuwatia watu aibu nimletee mgeni maji.

Niliporudi walikuwa wametulia. Mama alikuwa anauliza habari ya barua. Nani aliandika? Profesa akasema ni yeye. Mama akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi nilidhani ni Metroni," akasema. "Nimemnunia Metroni wa watu mpaka amekufa. Hata kwenye mazishi yake nilikaa nyuma."

Wakatazamana. Profesa ndiye aliyeanza kucheka, na alijaribu kujizuia, na hakuweza. Kisha Mama akacheka, kicheko ambacho mume wangu alikuja kutoka uani kukitazama. Walizungumza mpaka mvua ilipokatika. Alipoaga, Mama alimwambia kwamba amemsamehe, ila Metroni itabidi aombwe radhi na yeye mwenyewe siku watakapokutana huko mbele, na hilo ni deni lake Daktari. Akasema amelipokea.

Jumatatu, 4 Mei

Jua. Nimefua mashuka yote.

Alhamisi, 7 Mei

Profesa amerudia hadithi yake stoo, bila mvua. Kinasa sauti kimeshika kila neno. Amesoma maandishi, ametia sahihi, na kwenye kisanduku cha nani aruhusiwe kusikia ameandika: yeyote. Mkutubi Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, kisha akarudisha mwanzo akasikiliza akiwa amekaa.

Jumanne, 12 Mei

Jana jioni, bila kuulizwa, Mama alisema huku anamenya vitunguu kwamba kama bado nina nafasi moja anaweza kuja, asije akaonekana ana maringo. Nilikuwa na sauti kumi na tisa. Nikamwambia nitaangalia kama nafasi ipo. Akanitazama juu ya miwani, na mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Leo asubuhi nimeingia naye getini. Walinzi hawamjui. Alitembea katikati ya ujia bila kukaza mkoba kifuani, na tulipopita mlango wa upasuaji alisimama kidogo akatazama viatu vilivyopangwa nje, kisha tukaendelea. Stoo aliikagua kwanza, akasema dirisha linahitaji kufutwa, na kanuni ya kwanza ukutani akaisifia kuwa ina akili.

Ameongea saa mbili na robo. Kuhusu kujifunza kuhesabu akiwa mwanafunzi, kwa kunong'ona ili asimchanganye daktari. Kuhusu jinsi ya kumpa mtu kifaa kabla hajakiomba. Amemsahihisha Profesa mahali pawili: wageni walikuwa wanne, si watatu, na dakika zilikuwa kumi na moja, alikuwa anaiangalia saa. Ameeleza chumba cha sindano pia, na nimeshangaa, kwa sababu alikipenda. Watoto walikuwa wakiomba wachomwe na yeye. Mimi niliyedhani namjua, niliandika mpaka kalamu ikaisha wino nikaazima ya kwake.

Mwishoni nikamuuliza kama kuna jambo anataka wale watakaokuja baadaye walisikie. Akakivuta kinasa sauti karibu kwa mikono miwili, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka kila mtu chumbani asikie:

"Nilihesabu tisa. Vilikuwa tisa. Hesabu yangu ilikuwa sawa."

Akaniambia nizime.